Ruhusa ya Nthenya

Jumatatu ile baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Kaluki aliingia ukumbini na kikombe chake cha chai, akawapanga wasichana wa kwaya juu ya mabenchi, wafupi mbele, warefu nyuma, akawapa noti ya kuanzia. Harufu ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ilikuwa bado inatoka jikoni. Ubeti wa kwanza waliuimba ovyo, kwa uvivu wa watu walioshiba. Walipofika ubeti wa pili, upande wa kushoto, mahali palipokuwa na pengo kwenye safu, Nthenya alijiunga nao.

Nthenya alikuwa amezikwa Ijumaa iliyotangulia, kwao, ng'ambo ya kilima upande wa Kathiani. Wasichana hao hao walikuwa wamekwenda mazishini kwa basi la shule wakiwa wamevaa sweta zao za kijani, na kila mmoja alikuwa ametupa konzi ya udongo kaburini. Sasa hakuonekana. Ilikuwa sauti tu, ile ile sauti ya pili, nzito na safi, iliyokuwa ikizishika sauti nyingine zisipeperuke. Msichana aliyesimama kando ya pengo alisogea kidogo ili ampe nafasi.

Mwalimu Kaluki aliweka kikombe dirishani.

"Tena," alisema. "Kutoka ubeti wa pili."

Kaluki alikuwa amefundisha muziki na dini katika shule hiyo ya bweni tangu alipotoka chuoni. Kwao ni Ekalakala, na wazazi wake waliuza mbuzi na ng'ombe wa kulimia ili asome. Wenzake aliosoma nao walikuwa wakuu wa shule kitambo. Yeye aliitwa kwenye mahojiano ya kupandishwa cheo, akajibu maswali vizuri, akarudi alivyokwenda. Safari moja, mzee mmoja wa jopo alimfuata hadi nje akamwambia, "Mwalimu, kazi yako haina makosa, lakini jina huna. Tafuta kitu ambacho watu wakikitaja, wanakutaja wewe."

Kaluki akaichukua kwaya, ambayo hakuna aliyekuwa akiitaka. Akawashonea wasichana mavazi mapya. Akarekodi nyimbo zao kwa simu na kuzituma kila mahali, akapiga simu kwenye redio ya Kikamba mpaka mtangazaji akaanza kuitambua sauti yake, akajifunza majina ya watoto wa maafisa wa elimu ili awajulie hali. Haikuchukua muda, watu kuanzia Tala hadi Masinga wakawa wanasema "kwaya ya Kaluki", na jina la shule wakalisahau. Alipoitwa hivyo mara ya kwanza, kwenye foleni ya benki, alitoka nje akasimama kivulini kidogo, akilirudia kimoyomoyo.

Kwaya hiyo ilisimama juu ya sauti ya Nthenya, na Kaluki alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Siku moja kabla ya mashindano ya mkoa, Nthenya alikuja kwenye mlango wa chumba cha walimu, ameshika ubavu wa kulia.

"Madamu, naomba ruhusa niende nyumbani. Tumbo inaniuma sana."

"Umemwambia matroni?"

"Amenipatia dawa. Amesema nikuje nikuombe wewe, niende hospitali na mama."

Kaluki alimtazama. Alimwona mtoto anaumwa, hilo hakulikosa. Aliliona pia jukwaa la kesho yake likiwa na pengo upande wa kushoto.

"Kunywa maji ya moto, ulale. Ukishaimba kesho, nitakuruhusu."

"Sawa, Madamu," Nthenya alisema, akaufunga mlango taratibu, maana alikuwa mtoto wa adabu.

Kesho yake aliimba, wakashinda. Njiani kurudi aliegemeza kichwa kwenye kioo cha basi, wenzake wakadhani amelala, wakaendelea kushangilia. Daktari alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu asubuhi.

Mwalimu mkuu, Bwana Urbanus Muli, aliwaita ofisini Kaluki na Safiya, matroni wa shule, akauliza kama mtoto alikuwa amelalamika kwa yeyote.

"Hakuniambia kitu," Kaluki alisema. "Angeniambia, ningempeleka mimi mwenyewe."

Safiya alikuwa mjane wa Machakos mjini, analea wajukuu kwa mshahara huo wa shule. Alimtazama Kaluki, kisha akatazama sakafu. Bwana Urbanus akatangaza kwamba ni ugonjwa wa ghafla. Mazishini Kaluki ndiye aliyezungumza kwa niaba ya walimu, na alizungumza vizuri hata watu wakasema mwalimu mwenye upendo kama huyo hawajapata kumwona.

Baada ya Jumatatu ile Nthenya hakukosa zoezi hata moja. Safiya alimwekea bilauri ya maji kwenye benchi, na jioni maji yalikuwa yamepungua. Bwana Urbanus aliambiwa, akauliza tu kama marehemu atahesabiwa kwenye chakula. Alipojibiwa hapana, aliendelea kutia sahihi karatasi zake.

Kwenye mashindano ya taifa, mwalimu wa shule pinzani alikata rufaa, akidai kwamba kwaya ya Kaluki inatumia mwimbaji aliyekufa. Waamuzi wakakaa pembeni na vitabu vyao vya kanuni. Mwenyekiti wao akarudi kwenye kipaza sauti akaeleza kuwa kanuni zinataka mwimbaji awe mwanafunzi wa shule husika. Kwamba awe hai, hazikusema. Rufaa ikatupwa. Mwamuzi mmoja hata akaisifu sauti ya pili iliyosimama kushoto, akasema hiyo ndiyo iliyoibeba kwaya nzima. Wakashinda. Jioni hiyo simu ya Kaluki ilijaa pongezi, na mzee wa jopo akawa mmoja wa waliompigia.

Wiki iliyofuata, Kalekye, mamake Nthenya, alifika shuleni na kiondo cha maembe. Kaluki alimpokea kwenye kivuli nje ya ukumbi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua.

"Mwalimu," Kalekye alisema, "nimesikia mtoto yuko hapa."

"Yuko, Mama Nthenya. Anaimba vizuri."

"Nafurahi. Lakini nyumbani hajafika. Mama ya bwana yangu alikufa kitambo, na jioni yeye hukuja anakaa jikoni. Namuuliza, 'Mwaitu, mama, Nthenya mko na yeye huko?' Anasema hajamwona. Anasema huyo mtoto anangoja ruhusa."

Kaluki alichukua embe moja akaligeuzageuza mkononi.

"Huyo mtoto tangu akiwa mdogo ni hivyo," Kalekye aliendelea. "Hata kuenda kuchota maji hakuwa anatoka bila kuomba. Sasa nauliza. Alikuomba ruhusa ukakataa? Sitakushtaki. Nataka tu umwambie aende."

Kutoka ukumbini wasichana walikuwa wanapasha sauti moto, wakipanda na kushuka. Kalekye aliinamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa amemsikia wake.

"Hakuniomba, mama," Kaluki alisema. "Angeniomba, ningemruhusu."

Kalekye alimshukuru, akamwachia kiondo chote, akashuka kilima kwa miguu.

Safiya alikuwa amesikia kutoka dirisha la chumba cha wagonjwa. Jioni alimkuta Kaluki akifunga kabati la mavazi ya kwaya.

"Mwalimu, ni neno moja tu. 'Nenda.' Litakupunguzia nini?"

"Nikimwambia aende, nimekiri kwamba aliomba. Kila mtu atasikia."

"Nani atasikia? Mwambie peke yenu."

"Mbona hukusema wewe, siku ile ofisini?"

"Nina wajukuu," Safiya alisema. "Nawe ni mwalimu, mimi ni matroni. Lakini mimi silali, mwalimu. Wewe unalala?"

Kaluki alizungusha ufunguo wa kabati, akautia mfukoni. Ukweli ni kwamba alilala, ila aliamka kila siku akiwa ameshika ubavu wa kulia, na maumivu hayakuondoka mpaka amalize kuoga.

Aliingia ukumbini peke yake. Mabenchi yalikuwa matupu, jua la mwisho likipita kwenye vioo vilivyopasuka. Upande wa kushoto Nthenya alikuwa akijifanyia mazoezi ya sehemu iliyomsumbua siku zote, pale ambapo sauti ya pili hushuka wakati nyingine zinapanda. Alikosea, akarudia. Kaluki alisimama katikati ya ukumbi. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Aliusikia uzito wake kwenye ulimi. Mahojiano yalikuwa mwezi uliofuata, na kabla yake palikuwa na sherehe ya wadau wa elimu ambayo kwaya ilikuwa imealikwa kuifungua.

"Nthenya."

Sauti ilikatika.

"Ukishaimba kwenye sherehe," Kaluki alisema, "nitakuruhusu."

"Sawa, Madamu."

Aliimba kwenye sherehe. Wageni wa heshima walisimama, mmoja akafuta machozi, na Kaluki aliitwa mbele kupewa mkono. Kwenye mahojiano hawakumuuliza mengi. Mwenyekiti wa jopo alisema, jina lako limekutangulia, mwalimu. Alipewa shule kubwa ya wasichana mjini Machakos, yenye nyumba ya mwalimu mkuu na maua mlangoni. Walimu wenzake walimfanyia sherehe ya kumuaga, wakachinja mbuzi. Safiya aliwapakulia wageni pilau, akamtakia kila la heri bila kumtazama.

Siku ya kuondoka Kaluki alipita ukumbini, akakuta kimya, akafikiri mambo yamejimaliza yenyewe. Lakini Nthenya alikuwa akingoja neno lake, na neno huenda na mwenye nalo. Gwaride la kwanza katika shule mpya, wanafunzi walipoanza wimbo wa taifa, sauti ya pili iliingia kutoka kushoto. Mwalimu wa muziki wa hapo, Bwana Mwendwa, aligeuka akasikiliza, kisha akaandika kitu kiganjani mwake. Mchana alikuja ofisini kuuliza kama anaweza kumtumia huyo mgeni kwenye kwaya. Kaluki alisema anaweza.

Kalekye naye alipata habari. Alifika Jumatano moja, amefunga leso mpya, akakaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza kubwa. Kaluki aliagiza chai na mkate. Dirisha lilikuwa wazi, na ng'ambo ya uwanja kwaya ilikuwa kwenye mazoezi.

"Umeendelea, mwalimu. Hongera."

"Asante, mama. Ni Mungu."

"Mimi sikukuja kukusumbua. Miguu imeanza kunishinda, sijui kama nitaweza kurudi tena na tena. Nakuuliza tu kama mzazi. Mtoto alikuomba ruhusa?"

Ng'ambo ya uwanja sauti ya pili ilinyamaza. Nyingine ziliendelea, zikayumba, zikakaribia kupotea njia. Kaluki alizisikia, akajua ni nani anayengoja. Alijua pia kwamba mwalimu mkuu yeyote ana maadui, na kwamba katibu wake alikuwa nyuma ya mlango.

"Hapana, mama," alisema. "Hakuniomba."

Ukapita muda kidogo. Kisha sauti ya pili ikarudi, ikazishika zile nyingine, wimbo ukanyooka.

Kalekye alikunywa chai yake yote. Akaweka kikombe, akajifunga leso upya.

"Wanamaliza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi nitakaa hapo nje nimsikilize, kisha niende."

"Karibu, mama," alisema Kaluki, akamwita bawabu, akamwambia ampelekee kiti kile chenye mto.