Aliyesema Lori Limefika

Watu kumi na wanne walinisimulia mafuriko ya Nyang'onze, na wote kumi na wanne walisema "mtu mmoja." Mtu mmoja alipiga kelele kwamba lori limefika. Mtu gani? Nikiuliza hivyo, kila msimuliaji alikumbuka ghafla kwamba ana kuku wa kufungia.

Ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa nimepunguzwa kazi ya maendeleo ya jamii Dodoma mjini, na shirika moja likanipa mkataba wa miezi mitatu: panda milima iliyo juu ya Kibakwe, rekodi walionusurika, andika kijitabu kimoja cha kijiji na kingine cha wilaya. Nikawaacha watoto kwa baba yao, nikapanda.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 1997 mavuno yalikuwa mabaya, njaa ikaingia. Mvua kubwa za El Nino zilipokuja, ghala lilikuwa tupu. Mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba lori la mahindi ya msaada litafika wiki hiyo na kusimama korongoni, maana haliwezi kupanda zaidi. Siku tatu watu walikaa na magunia mlangoni. Asubuhi ya nne mlima ukanguruma. Lori hutoka chini, maji hutoka juu. Kila mtu kule anajua. Lakini milimani sauti hupiga ukuta wa mlima huu ikarudi kutoka ule, na mwenye njaa husikia anachokingojea. Mtu mmoja akasema lori limefika. Wakateremka mbio na magunia na madebe yao, wakaingia korongoni wenyewe. Maji yakawakuta humo. Walikufa kumi na mmoja.

Wa kumi na tano alikuwa Loisi, mwenyeji wangu, msichana wa miaka ishirini na kitu. Wiki mbili alinipikia ugali wa uwele na mlenda, na kila nikimwambia ni zamu yake, alisema kesho. Siku moja kabla sijaondoka alikuja mwenyewe akaketi mbele ya redio kaseti.

"Mama Tumsifu, washa."

Nikawasha.

"Ni mimi niliyesema lori limefika. Andika jina langu. Loisi, binti Daudi."

Mwenyekiti wa kijiji, Sostenes, ndugu wa baba yake, alikuwa mlangoni ameniletea mahindi ya kuchoma. Akaingia bila hodi.

"Futa hiyo, mama. Siku ya mazishi kijiji kizima tulikubaliana jina halitajwi. Huyu ni mtoto wetu."

"Mlikubaliana na yeye?"

"Tulikubaliana kwa ajili yake."

"Ndiyo maana hakuna anayenigombeza," Loisi akasema. "Mwaka na zaidi, baba mdogo! Mbuzi wangu wakila shamba la mtu, kimya. Nikivunja mtungi wa watu, kimya. Paskazia ananipisha pale chemchemi nichote kwanza. Mtoto wake amekufa kwa mdomo wangu, na ananipisha!"

Sina hekima kubwa, lakini nina watoto watatu. Aliyevunja kitu akagombezwa hulia, kisha anakula. Aliyevunja kitu asiulizwe, huyo ndiye huacha kula.

"Kesho nawasomea wote nilichoandika, kila mtu asahihishe lake," nikamwambia Sostenes. "Lake nitalisoma akitaka mwenyewe. Loisi, unataka?"

Aliitikia kwa kichwa.

Tulikutana darasani, wazee wakiwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Mzee Mazengo, aliyefiwa na mke siku ile, alinikatiza mara tatu. "Debe langu lilikuwa jipya, mama. Umeandika bovu. Unataka wajukuu wanione maskini?" Watu wakacheka. Kisha nikasoma la Loisi, na kicheko kikakatika. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, ameegemea ukuta.

Mazengo ndiye aliyeanza. "Mimi nami nilisikia lori. Nilisikia mpaka gia ikibadilishwa." Mtu akaguna. "Usigune, Matonya! Ulikuwa mbele yangu na magunia mawili, wakati tangazo lilisema gunia moja kila kaya."

Ndipo Paskazia akainuka. Binti yake Violeth alikuwa na miaka tisa.

"Mimi sikusikia lori," alisema. "Nilisikia sauti yako, Loisi. Nikajua ni wewe tangu siku hiyo hiyo. Nikasema atakuja nyumbani kwangu, nitamtukana mpaka nichoke, kisha nami nitamwambia langu. Hukuja. Unachota maji, unaondoka."

"Nilikatazwa, mama."

"Hata mimi nilikatazwa."

Sostenes aliinama akawa anakagua viatu vyake.

Paskazia akanigeukia. "Umeandika kwamba Violeth alikimbia mwenyewe."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Nilikudanganya. Alikuwa na kidonda mguuni, hakutaka kwenda. Nilimwambia wahi foleni, usiponiletea mahindi usirudi." Alisema polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayepima kila neno. "Sahihisha hapo. Andika mama yake alimtuma."

Nikakata mstari, nikaandika juu yake: *Mama yake alimtuma.* Kila asubuhi ya shule nami huwafokea wanangu hivyo hivyo: wahi, la sivyo usirudi.

Loisi alikuwa amekaa chini sakafuni, analia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha. Paskazia alipita katikati ya madawati, akamshika mkono akamwinua kwa nguvu.

"Simama. Twende kwangu. Usidhani nimemaliza, sijaanza hata kukutukana."

Wakatoka. Tuliwaona dirishani wakipanda kile kijia chembamba, Paskazia mbele, ameshaanza kusema, mkono mmoja hewani. Matonya aliinuka awafuate akasikilize. Mazengo akamvuta shati, akamkalisha.