Ejo Ipi, Mchungaji?

Mchungaji Murhula hakuwa na kengele. Siku ya Jumapili aligonga rimu ya lori iliyoning'inia kwa waya nje ya kanisa, na mlio wake ulifika mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Hakuwa na sakafu ya saruji wala ukuta wa matofali. Kanisa lake la Buterere, pembezoni mwa mji huko Burundi, lilikuwa la mbao na mabati, na mvua kubwa ziliponyesha waumini waliimba wakiwa wameinua miguu. Hakuwa na gari. Hakuwa na mke tena, tangu homa ilipomchukua. Hakuwa na diploma ya theolojia, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote, maana wachungaji wa Kinanira, mtaa wa wenye nacho, walizitundika zao ukutani ndani ya vioo. Tena hakuwa na kalenda. Hili la mwisho hakulihesabu kuwa upungufu. Alisema mtumishi wa Mungu haongozwi na tarehe.

Alichokuwa nacho ni sauti. Akisema mbingu, watu walitazama juu.

Mwaka ule alialikwa Kinanira kwenye semina ya viongozi wa makanisa. Siku mbili wahubiri walizungumza juu ya maono makubwa, naye akaitikia amina mpaka koo likakauka. Siku ya tatu alisimama mama mchungaji mmoja aitwaye Sephora, mwembamba, asiyepaza sauti. Akasema, "Ndugu zangu, lengo ni jambo ambalo ukilikosa, utaijua siku uliyolikosa. Kama huwezi kuitaja siku hiyo, ulichonacho ni hamu tu."

Waliokaa nyuma walicheka kidogo. Murhula hakucheka, alisikitika. Aliona kwamba mama yule amepungukiwa na imani.

Alirudi Buterere na maono yake yamekamilika: Chuo Kikuu cha Biblia cha Maziwa Makuu, pale pale nyuma ya kanisa, penye mpunga na vyura. Kabla ya Jumapili alikuwa ameshafika mtaa wa Jabe kwa Amissi, mchora vibao, Mwislamu wa ukoo uliokaa mjini toka zamani, mtu asiyeweza kufanya kazi bila kutania.

"Watu elfu watasoma hapo," Murhula alimwambia. "Andika hivyo. Elfu."

"Elfu, Pasta? Na wewe kanisani una wangapi?"

"Wewe andika."

"Naandika, naandika. Mi rangi yangu haiulizi swali." Amissi alichovya brashi. "Inaanza lini, hii chuo? Niweke mwaka?"

"Ejo," alisema Murhula.

Katika Kirundi, ejo ni kesho, na ejo hiyohiyo ni jana. Warundi hawapotei, maana kitenzi ndicho kinachowaonyesha njia. Lakini Murhula alizaliwa Bukavu, Kongo, na neno hilo alikuwa ameliokota mjini bila kitenzi chake. Alilipenda kwa sababu lilikuwa fupi na liliwafurahisha waumini Warundi. Amissi alicheka mpaka akaweka brashi chini.

"Basi mwaka siweki," alisema.

Kibao kilisimamishwa, na Jumapili hiyo Murhula alihubiri vizuri kuliko siku zote. Baada ya ibada, mama Léocadie alimsubiri mlangoni. Alikuwa mjane wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyeuza ndagala katika soko la Jabe, mama mwenye ulimi mkali na mikono iliyonuka samaki hata siku ya Bwana.

"Mutumishi," alisema, "chuo ni nzuri. Lakini mi sitaki chuo. Mi nataka ile zaburi walisoma siku ya kuzika bwana yangu, papa Chance. Niisome mwenyewe, na kinywa yangu."

"Utaisoma, mama. Utasoma Biblia nzima!"

"Apana. Nzima ni ya wewe. Mi naomba moja." Alishika mkono wa mchungaji na kushusha sauti. "Daktari alisema macho yangu iko na presha. Dawa inachelewesha tu. Anasema naona kama kwa kitundu, na kitundu kitafunga. Ubao na chaki, mutumishi. Hata sisi wanne, watano, chini ya hii bati. We unajua kusoma. Lini?"

Murhula aliguswa kweli. Alimwekea mkono kichwani, akaomba kwa machozi. Kisha akasema, "Ejo, mama."

"Ejo ipi, mchungaji?" Léocadie alifuta macho akacheka. "Ile ya nyuma ao ile ya mbele?"

Na wote waliokuwa mlangoni wakacheka, Murhula pia.

Hakuwa mtu mvivu, na asidhaniwe hivyo. Aliandika barua za kuomba ardhi. Alisafiri. Aliwakusanya vijana, wakapima uwanja kwa kamba. Alifunga na kuomba juu ya chuo kile mpaka nguo zikampwaya. Kila alipofikiria ubao na wanawake wanne chini ya bati, jambo lilionekana dogo mno, kama kumtolea Mungu kikombe cha maji wakati umemwahidi ziwa. Tena ilimjia aibu ambayo hakuipa jina. Mtu asiye na diploma akianza na alfabeti, watu watasema hapo ndipo elimu yake ilipoishia.

Léocadie hakuacha kuuliza. Akimkuta sokoni alisema, "Mutumishi, ejo imefika?" na wauza samaki wenzake wakaitikia, "Iko njiani, imekwama mpakani Gatumba!" Lilikuwa neno la kuchekesha soko zima. Murhula alinunua ndagala na kucheka nao, asione kwamba mama yule alikuwa ameanza kumgeuzia uso wote, kama kuku, ili ampate kwenye kile kitundu chake.

Mvua za mwaka uliofuata zilileta maji mpaka kwenye miguu ya kibao. Amissi alikuja kukirudishia rangi, suruali ameikunja magotini.

"Pasta, hongera," aliita kutoka majini. "Wanafunzi wamefika! Lakini wote ni vyura."

Safari hii Murhula hakuweza kucheka. Alisimama mlangoni mwa kanisa akikisoma kibao chake, na kwa mara ya kwanza alikisoma kama mtu anayepita njia. Watu elfu. Hapakuwa na jina la hata mmoja. Akajiuliza kama angetakiwa kumtaja mwanafunzi mmoja tu, amtaje nani. Jina likamjia upesi mno.

Maji yalipokauka, alikwenda Jabe akanunua chaki. Ubao alimwomba Amissi, naye akampa kipande cha mbao alichokipaka rangi nyeusi. Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Jambo hilo ndilo lililomchoma baadaye, alipokuwa akilifikiria: asubuhi moja.

Alimkuta Léocadie nyumbani kwake, amekaa kizingitini na ungo wa ndagala mapajani, akitoa mawe na takataka kwa vidole. Vidole vilikwenda haraka. Uso ulikuwa umeelekea barabarani, juu kidogo ya bega la Murhula.

"Ni nani anasimama kwa jua yangu?"

"Ni mimi, mama. Mchungaji."

"Karibu, mutumishi. Kaa." Alinusa hewa. "Unanuka shule."

"Nimeleta chaki, mama. Nimeleta na ubao. Tunaanza Jumanne, saa kumi, kanisani. Wewe, na Jovithe mfua nguo, na wengine watakaotaka. Tutaanza na zaburi yako. Hiyo tu."

Léocadie aliweka ungo chini. Alinyoosha kiganja, na Murhula akaweka kipande cha chaki ndani yake. Mama akakizungusha polepole, akakipitisha kidole kwenye ncha.

"Kumbe ni nyepesi hivi," alisema.

"Mama, kitundu..."

"Kilifunga. Toka ile siku maji iliingia mpaka kwa kitanda. Niliamka, nikafikiri ni usiku bado, nikangoja kuche." Alimrudishia chaki, akiitafuta mikono ya Murhula hewani mpaka akaipata. "Basi umeileta, ejo yako. Nashukuru. Ila ni ile ya nyuma, mutumishi."

Hakulisema kwa hasira.

Mwezi huo binti wa Léocadie, Chance, alivuka mpaka akaja kumchukua, wakaenda kuishi Uvira. Walipopita mbele ya kanisa ndani ya teksi, Léocadie aliomba gari lisimame. Alishuka, akapapasa nguzo ya kibao, akauliza kimeandikwa nini. Chance akamsomea. Mama akatikisa kichwa, akarudi garini. Murhula aliyaona hayo akiwa ndani, kwenye ufa wa mbao, na hakutoka.

Jumanne, saa kumi, walikuja wanawake wanne. Wiki iliyofuata watatu, kisha watano. Jovithe alikuwa mzito wa kushika herufi, lakini siku moja aliuburuta mstari wa kwanza wa zaburi ile kama mtu anayevuta gunia, akaufikisha mwisho, kisha akaziba uso kwa kitenge akalia. Wenzake walimpigia vigelegele. Murhula aligeukia ubao akajifanya anafuta. Aliyekuwa amestahili kulia pale alikuwa ng'ambo ya mpaka, na yeye aliijua siku aliyomkosa. Angeweza kuitaja. Maneno ya mama Sephora yalimrudia yote, bila kupungua hata moja, na safari hii yeye ndiye aliyeonekana amepungukiwa.

Aling'oa kibao kwa mikono yake. Akakipeleka Jabe.

"Tufute, Pasta?" Amissi aliuliza.

"Kata. Nataka herufi, kubwa kama kiganja, za kushikwa na mkono. Mbao, lakini uzipige msasa, zisimchome."

Amissi alimtazama, akafungua mdomo apate utani, akaukosa. "Za nani?" aliuliza taratibu.

"Jina moja tu. Léocadie."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Murhula aliketi kanisani akaandika barua. Ya kwanza ilianza vizuri, lakini ilipofika katikati aliona mkono wake umeandika kwamba Bwana amempa maono ya shule kubwa ya vipofu, itakayohudumia Burundi na Kongo yote. Aliitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Sauti ilikuwa yake kabisa. Akaichana karatasi, akaanza upya, mstari kwa mstari, kama Jovithe.

*Mama Léocadie,*

*Atakayekusomea barua hii ni Chance, na najua kwamba wewe ndiye ungeisoma kama ningekusikia. Uliniomba zaburi moja, nami nikakuahidi ziwa. Nilisema nakutafutia shule, kumbe nilikuwa najitafutia diploma. Sijui kama linasameheka, sitakuharakisha kujibu.*

*Jovithe amesoma mstari wa kwanza. Alitaka ujue.*

*Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa Chance. Nitakuletea herufi za jina lako, za mbao, uzishike. Jina tu, mama. Zaburi siiahidi. Nikichelewa hata kidogo, mwambie Chance afunge mlango.*

*Murhula*

Neno mtumishi hakuliandika mbele ya jina lake. Aliisoma barua mara nyingine, akitafuta mahali ilipojificha ejo. Hakuiona.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu wa Buterere, kwa hiyo alichukua donge la ugali wa mchana, akalilainisha kwa maji, akapaka ukingoni. Alibonyeza kwa kidole gumba na kungoja ishike. Kisha akaenda kwa miguu mpaka barabara kuu, kwa Khaled, dereva wa teksi wa kwenda Uvira, ambaye alikuwa anafunga mizigo ya mwisho kabla mpaka haujafungwa.

"Utaifikisha lini?" Murhula aliuliza.

"Leo, Pasta," Khaled alisema, akaitia mfukoni mwa shati, akawasha gari.