Bangili ya Chuma Mlangoni pa MRI

Funguo mama mkwe alimpa Jhuma, mke wa mwanawe mdogo. Mimi, mke wa mwanawe mkubwa, niliyemkanda mgongo kila asubuhi tangu alipoteleza bafuni, niliachwa nimesimama kama mwimo wa mlango. Alifungua fundo la pindo la sari yake, akatoa funguo zote za nyumba, za kabati la dhahabu hadi stoo ya mchele, akamtia Jhuma mkononi. Mbele ya macho yangu!

"Chuma chochote hakiingii humu," fundi wa mashine alikuwa ametuambia. "Sumaku yake haina masihara."

Tulikuwa mlangoni pa chumba cha MRI, hospitalini Krishnanagar. Eksirei ilionyesha pingili moja ya mgongo imebonyea. Na kwa kuwa zamani mama alikatwa titi kwa saratani, Daktari Lahiri alitaka kujua: mfupa umevunjika kwa uzee tu, au saratani imerudi, inautafuna kwa ndani? Eksirei haikuweza kumwambia.

"Na bangili hiyo, mama," fundi akasema.

Mama akaficha mkono. Bangili ya chuma ya ndoa! "Weee! Sijaivua tangu niolewe. Nikiivua, mzee wangu atakufa. Bora hiyo saratani."

"Mzee yuko nje na mwanawe anakula biskuti, mama," nikamwambia. "Hafi leo."

"Funga mdomo, Shyamali. Leta sabuni."

Nikampaka sabuni, nikavuta, naye akinitukana mimi na ukoo wangu wote. Ilipotoka tu, akaisukuma kwenye mkono wangu, juu ya bangili yangu mwenyewe ya ndoa.

"Isikae nje ya mkono wa mke mwenye mume," akasema.

Jhuma akageuka, akatazama ukuta. Mumewe, mdogo wake mume wangu, alikufa mwaka juzi kwa homa, na siku ileile wakamvua bangili yake, maana mjane haivai. Mimi wala sikumjali. Nilikuwa natazama funguo.

Baadaye daktari akatuita tuone picha. "Saratani ingejaa pingili nzima na kuusukuma ukuta wake wa nyuma utokeze," alisema. "Hapa uboho wa mafuta bado upo, na mstari wa ufa huu hapa. Ni mifupa kudhoofika kwa uzee. Atapona."

Mama akalia. Akavaa bangili yake kabla hata ya viatu. Jhuma akamnyooshea funguo.

"Kaa nazo, mwanangu," mama akasema. "Mgongo huu haubebi tena."

Nikalipuka. "Akae nazo? Mimi ndiye mkubwa, mama! Nimekukosea nini? Huyu kaja juzi tu, leo ndiye kipenzi! Ama kweli, fadhila ya punda ni mateke!"

Jhuma ndiye aliyesogea, akaniwekea funguo kiganjani, zingali na joto la mkono wake.

"Chukua, dada. Chukua zote." Kisha akaishika bangili yangu kwa vidole viwili, taratibu. "Nawe nipe hii. Tubadilishane."

Huko nje mume wangu alikuwa akiniita, akiuliza tumekawia nini. Nikaufunika mkono wangu kwa pindo la sari. Funguo zikaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuziokota.