Kolache za Plamu

Kila baada ya miaka minne, kabla watu hawajagawana kona, Lavonne Kucera husimama katikati ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya Hradek, jimbo la Iowa, na kueleza neno kokasi, huo mkutano wa wanachama wa kuteua mgombea urais, lilitoka wapi. Hakuna aliyewahi kumwomba. Alikuwa mkutubi miaka thelathini na mmoja, na mkutubi mstaafu ni kama redio iliyong'oka kitufe cha kuzima.

"Wengine wanasema ni neno la wenyeji wa kwanza wa nchi hii, maana yake mshauri," alisema jioni ile, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vya watu themanini. "Wengine wanasema ni kikombe cha ulevi cha Wagiriki. Ukweli ni kwamba hakuna anayejua. Kinachojulikana ni kwamba zamani, kule Boston, wanaume wachache walikuwa wanakutana darini kwa mwenzao, wanavuta tumbaku mpaka hawaonani, wanakunywa, wanaamua nani atachaguliwa. Mji ukija kuitwa kupiga kura, kazi imekwisha zamani. Kokasi ilikuwa hiyo. Sisi tumeishusha kutoka darini, tukaileta hapa kwenye taa. Unasimama kona ya mgombea wako, na jirani yako anakuona."

"Tumbaku na pombe ndiyo mmezisahau hukohuko darini, shemeji!" Duane alipiga kelele kutoka nyuma. Duane ni mdogo wake Merle, mume wa Lavonne. Ukumbi ukacheka. Lavonne naye akacheka, maana alikuwa na furaha bado.

Alitaka watu kumi na wawili. Kona yenye pungufu ya hapo inavunjwa, watu wake wanatafuta pengine pa kusimama. Na yeye kumi na wawili alikuwa nao, kwenye karatasi, majina yote yamewekewa alama. Wiki nzima alikuwa anakata theluji na bati la kolache mkononi, mlango kwa mlango, anamwombea Gavana Aasen kura. Ule mkate mtamu wenye jemu ya aprikoti katikati umeshawahi kubadilisha misimamo migumu zaidi ya siasa.

Aasen ndiye mgombea pekee aliyeahidi kufungua tena wodi za wazazi kwenye hospitali ndogo. Ya kwao ilifungwa kiangazi. Oktoba, Jolene, binti yao, alijifungua kwenye pikapu kando ya barabara, maili thelathini kabla ya daktari. Mtoto alitoka wa bluu, kimya, mpaka Lavonne alipompulizia. Aliyekuwa anaendesha pikapu ni Merle.

"Haya, kila mtu aende kona yake!" akasema mwenyekiti, Bwana Stumme wa posta.

Watu wakasogea. Lavonne akasimama chini ya goli la mashariki, akaanza kuhesabu kofia. Mwalimu Zeman. Akina Fencl wawili. Mama Hruska na fimbo yake. Tisa, kumi, na yeye mwenyewe kumi na moja.

"Merle yuko chooni," aliwaambia.

"Chooni?" Mama Hruska akanyoosha fimbo. "Basi choo kimehamia kwa Tolliver."

Merle alikuwa kona ya Seneta Tolliver, mpinzani wa Aasen, mikono mfukoni, katikati ya watu arobaini, anaangalia sakafu.

Lavonne akavuka uwanja. Alijisikia kama anavuka uchi. Arlys, mke wa Duane, akamuwahi, uso umejaa huruma za haraka haraka. "Usimkasirikie, wifi. Hata Jumanne ile tulipokutana kwenu alikuwa anasitasita. Na zile kolache zako za plamu, jamani, zilikuwa tamu!"

Lavonne akasimama palepale.

Za jemu ya plamu hakumpelekea mtu. Majirani walipata aprikoti. Plamu ni za nyumbani, za Merle, na Jumanne jioni alikuta bati tupu. "Nilizidiwa, mama, nikazimaliza," Merle alimwambia, naye akacheka, akapika nyingine.

"Mlikuwa wangapi?" akamuuliza mumewe.

"Lavonne, siyo hapa."

"Jikoni kwangu mlikuwa wangapi?"

"Tisa," Duane akajibu kwa niaba yake. "Shemeji, rais hajengi wodi. Bei ya mahindi ndiyo itatuokoa, shamba letu ni moja, mimi na yeye."

"Sisemi na wewe. Nilikuwa kwenye theluji, Merle. Nagonga milango."

"Wangu hukuugonga," Merle akasema taratibu. "Uliniwekea alama tu. Hukuniuliza."

Hilo lilimwingia, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini angeweza kusema. Usiku sita walikula meza ileile.

"Ungeniambia hapana," akasema. "Ningelia, ningekupikia. Wewe ukaenda kuamua darini, kama wale wa Boston."

Akarudi kwa watu wake. Akafungua bati jipya: plamu kumi na mbili, moja ya kila mtu wa kona, alizipika kwa kusherehekea. Akawagawia kumi, ya kumi na moja akaila mwenyewe. "Nendeni mnakotaka," akawaambia. Wakaondoka mmoja mmoja wakitafuna, wengine kwa Tolliver, hawamwangalii.

Bwana Stumme akaja na kalamu kuhesabu upya. "Lavonne, hii kona imevunjwa. Mtu mmoja hapati mjumbe."

"Najua. Nihesabu tu."

Upande wa pili Merle alikuwa ameinua macho, anaangalia lile bati. Lavonne akatoa ile ya mwisho, ya Merle, akaila yote, polepole, bila kumwondolea macho.

"Aasen," Stumme akasoma kwa sauti, na ukumbi mzima ukamgeukia. "Mmoja."