Gunia Mbele ya Rejeta

Nassibu alikuwa ameliendesha lori la kijiji kwa miezi minne, na katika miezi hiyo hakuwahi kulichukia kama alivyolichukia asubuhi ile ya Jumamosi, Julai ya mwaka sabini na tano. Kijiji kilikuwa barabara ya Sikonge, kusini mwa Tabora, na kipupwe kilikuwa kimebana hata watu waliota moto mpaka jua lilipopanda. Kazi yake siku hiyo ilikuwa moja: kumfikisha Apolinaria kanisani mjini saa nne kamili, akafunge ndoa na mwalimu Alois.

Saa kumi na mbili alipiga stata. Injini ikaguna mara mbili, ikanyamaza. Alipouliza, akaambiwa kwamba betri ilikuwa imekaa ofisini tangu Alhamisi ili wanakijiji wasikilize redio, ikarudishwa usiku ikiwa karibu kwisha. Aliyeruhusu alikuwa Mzee Hilari, mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia ndiye baba wa bibi harusi. Nassibu alijaza makaa kwenye karai, akalisukuma chini ya injini ili oili iliyoganda ilainike, akakaa kando na ndoo ya mchanga, asije akaliunguza lori la watu. Kisha wanaume ishirini wakalisukuma mpaka mtelemko wa bwawani, akaachia klachi, nalo likawaka kwa kishindo na moshi mweupe uliowafanya wote wakohoe.

Ilikuwa imefika saa mbili. Mzee Hilari akataka waondoke papo hapo.

"Bado, Mzee," Nassibu alisema. "Injini haijapata moto."

"Ndugu dereva, dizeli hiyo unayoichoma hapa ni ya kijiji."

Nassibu akamweleza tena, kwa mara ya tano tangu Juni, kwamba dereva aliyemtangulia alikichomoa kile kifaa kinachozuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla injini haijapata joto. Wakati wa kiangazi kikali hilo halikumsumbua mtu. Sasa maji yalikuwa yakizunguka baridi tu, na injini ilihema kama mgonjwa wa kifua. Ndiyo sababu yeye alifunga gunia mbele ya rejeta kuziba upepo. Mzee Hilari alilitazama gunia lile, kuukuu, lina madoa ya oili, akauliza kama kweli binti yake aende kuolewa nyuma ya kitu kile. Nassibu akajibu kwamba aende nyuma yake au aende kwa miguu. Hapo walinuniana.

Wakaondoka saa mbili na nusu, Apolinaria na shangazi yake Eustadia wakiwa mbele pamoja na dereva, naye mwenyekiti na wengine wakiimba nyuma. Mwendo ukawa mzuri hadi waliposimama kumpakia mpiga ngoma. Walipoendelea, lori likaanza kupoteza nguvu. Nassibu akashusha gia, akashusha tena. Moshi mweupe ukarudi. Wakiwa karibu na Kipalapala, kwenye mwinuko mdogo ambao hata baiskeli yenye mzigo huupanda, injini ikazima.

Alishuka, akaenda mbele, akasimama. Gunia halikuwapo. Mahali pake palikuwa na kishada cha maua mekundu kilichofungwa vizuri kwa utepe.

"Nani amefungua?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu.

Mzee Hilari alikuwa amekwisha kushuka. Alisema amelitupa kule walikosimama, kwa sababu mji ulikuwa umekaribia na watu wangeona.

Nassibu alitaka kumpa funguo na kurudi kwao Mtendeni, mjini, kwa miguu. Alikuwa ameshazishika. Lakini Apolinaria alikuwa ameteremka, gauni amelikusanya mkononi, akasimama kati yao.

"Baba, unanichelewesha wewe," alisema. "Si yeye."

Bibi harusi akamwomba shangazi khanga yake ya pili, akampa Nassibu, naye akaifunga mbele ya rejeta. Mafrateri wa seminari waliokuwa wakipalilia bustani wakaja na kanzu zao, wakashika bodi la lori pamoja na waimbaji, wakaligeuza na kulisukuma kuelekea bondeni. Likawaka. Safari hii Nassibu aliliacha lingurume robo saa nzima, na hakuna aliyetaja dizeli.

Wakafika saa tano na nusu. Padri alikuwa na ubatizo saa sita, kwa hiyo aliwafungisha ndoa haraka, bila mahubiri. Nassibu alibaki nje bila kuzima injini, maana betri isingeiwasha tena. Mzee wa kanisa alipokuja kulalamika kwamba viapo havisikiki, alilisogeza lori ng'ambo ya barabara, akasikia vigelegele kwa mbali tu.

Baadaye Mzee Hilari alimletea sahani ya pilau mwenyewe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaegemea mlango wa lori.

"Nilidhani unanikomoa," alisema. "Mtu wa mjini, unatuonyesha kwamba hatujui kitu."

Nassibu alitafuna kwanza. Hasira ilikuwa haijamwisha, na hakuona sababu ya kujifanya imekwisha.

"Kifaa kile kinapatikana karakana ya mjini, Mzee," alijibu. "Jumatatu niandikie barua nikakichukue."

Mwenyekiti akakubali, kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo injini lazima iendelee kuwaka muda wote wanaokula.

"Lazima," Nassibu alisema.