Swichi Zilizoganda

Kazini walimwita Chapuchapu, maana mikono yake haikujua kungoja. Alitengeneza swichi ndogo kuliko punje ya chumvi: kidaraja cha dhahabu ndani ya saketi, kikiinama na kuinuka, kuyafungulia mawimbi ya redio njia au kuyafungia. Shemeji yake, mume wa dada yake, ndiye aliyezifunga saketi hizo vifuniko; fundi wa uzoefu wa miaka kumi na tisa.

Siku moja foleni ya mashine ya kukaushia ilikuwa ndefu. Chapuchapu akaona ya nini kungoja, akazikausha swichi zake juu ya sahani ya moto. Alijua fika kwamba maji ya kuoshea yakikauka vibaya huvivuta vidaraja chini, vikaganda. Akajiambia, leo tu.

Mwezi haukuisha, redio za boti za uokoaji zilizotiwa saketi hizo zikafeli majaribio. Mkuu wa maabara akaamua kwamba unyevu umepenya vifunikoni. Shemeji akaondolewa mezani kwake, akapelekwa stoo kupanga maboksi. Chapuchapu alikuwemo kikaoni, katulia kama maji mtungini.

Baada ya wiki tatu akaenda kumtembelea dada yake. Akamkuta shemeji dirishani, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano.

"Nimepima macho," shemeji akasema. "Daktari anasema mazima. Basi ni mikono. Uzee huo, shemeji."

"Uzee gani, miaka arobaini na minane?" dada akadakia. "Hebu mwambie wewe, mdogo wangu, labda atakusikia."

Chapuchapu akasukuma kikombe chake cha chai pembeni. Mtu mzima na akili zake anaishuku mikono yake mwenyewe, kwa kosa lisilo lake!

"Si mikono yako," akasema. "Ni mimi." Akaeleza yote, asibakize neno.

Shemeji akaweka uzi chini. "Wiki tatu unanipita stoo, unanisalimia, 'Habari za kazi?'"

"Nisamehe."

"Kesho utayasema mbele ya wale wale wa kikaoni."

Akayasema. Wakafungua saketi moja iliyofeli, wakaitazama kwa hadubini: ndani kukavu, kidaraja kimelala chini. Siku ile ile shemeji akarudishwa mezani, Chapuchapu akavuliwa uongozi wa zamu. Hilo hakulilalamikia. Kilichomuuma ni kwamba kila asubuhi shemeji aliipokea sinia yake ya saketi kwa adabu, "Asante, mhandisi," kisha akazikagua moja moja, Chapuchapu mwenyewe angali amesimama pale.