Koti la Wiki ya Nne

Nyumbani wananiita Redio, na sijaonewa. Mama alikuwa akisema nilianza kuongea kabla sijajua kukaa, na tangu hapo hajapatikana wa kunizima. Kazini kwangu mdomo huo umenifaa sana. Nakodisha magari ya safari ndefu, na kabla mtu hajaondoka namkalisha mbele ya ramani kubwa niliyobandika ukutani, namweleza kila kitu kinachoweza kumkuta njiani. Nchi hii ni kubwa, jamani! Unatoka huku umevaa kandambili na jasho linakutiririka, wiki chache baadaye uko mahali meno yanagongana yenyewe. Mtu anayepanga safari ya wiki tano kama anakwenda sokoni, mimi simpi funguo, hata akilia.

Kwa hiyo shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alipokuja kutaka gari, nilimweka kwenye kiti kilekile cha wateja. Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kwetu. Alikaa kando ya mumewe, ameiweka mikono mapajani, amevaa gauni la mikono mirefu na joto lote lile. Nikamimina chai.

"Yeye hanywi chai siku hizi," shemeji akasema.

Makubwa! Kitinda huyu, aliyekuwa akimaliza chupa nzima peke yake kisha anauliza kama jikoni kuna nyingine? Nikamwangalia yeye, yeye akaangalia ramani.

Ngoja niseme wazi, maana kuficha mambo sikujifunza. Nilikuwa namwogopa yule mwanamume. Mbele yangu hajawahi kupaza sauti. Ana adabu, anampisha mtu mzima kiti, anacheka na fundi wangu. Lakini tangu amwoe mdogo wangu, simu ya Kitinda anaipokea yeye, na Kitinda akiulizwa jambo anajibu yeye. Na mara mbili mdogo wangu "ameteleza bafuni", kama bibi kizee, wakati ana umri wa kuruka kamba. Sasa alitaka kumpeleka mbali kwa wiki tano, wao wawili tu. Nilikuwa na hofu moja, kwamba mdogo wangu hatarudi.

Lakini ningesema nini? Ningemnyima gari, angelipata kwingine, nami nisingejua hata wamepita wapi. Nikaona heri nipange mimi.

"Wiki mbili za mwanzo ni msituni," nikaanza, kidole kwenye ramani. "Mvua, matope, usiku mnalala miji midogo. Halafu mto mkubwa. Ukivuka, ni nyika kavu, siku tatu hukutani na nyumba. Wiki ya nne mnapanda milimani, huko baridi kali, na mnamalizia ziwani."

"Hapo nyikani, simu zinashika?" shemeji akauliza.

"Hazishiki. Ila ukitaka, nakupangia njia ya pembeni yenye mtandao."

"Hapana, hapo pananifaa. Tunataka kupumzika mbali na makelele." Akatabasamu, akampapasa mkewe begani.

Wateja wote niliowahi kuwahudumia huniuliza simu zinashika wapi. Yeye alifurahi kusikia hazishiki. Nikajikaza nikaendelea, nikafika kwenye kivuko cha mtoni. Nikaeleza kwamba pale abiria wote hushuka, wanavushwa na boti dogo, na gari linabaki kwenye foleni na dereva wake. Foleni ile inaweza kula nusu siku.

Hapo ndipo Kitinda alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kwani dereva haruhusiwi kuvuka na abiria wake?"

"Akaliache gari na nani? Abiria anamsubiri dereva wake ng'ambo, ndiyo sheria ya pale."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kuangalia ramani.

Shemeji alipotoka kwenda kukagua matairi, nilimvuta mdogo wangu hadi stoo, katikati ya majeki na magaloni.

"Usiende," nikamwambia. "Sema unaumwa, sema chochote. Mimi nitapambana naye."

"Nataka kwenda, dada."

"Umelogwa?"

"Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka safari hii." Alinishika kiganja akakibana mpaka nikaumia. "Niache niende. Nakuomba."

"Basi niambie kuna nini!"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akicheka. "Nikikwambia wewe, si nimeutangazia mji mzima?"

Nikaudhika, nikamwambia mapenzi yamempofusha, aende zake. Hata kukumbatiana hatukukumbatiana.

Hapa kwangu mtu haondoki kabla ya kupakia mizigo kwa majaribio. Siku moja kabla ya safari natandika turubai uani, kila kitu kinapangwa kufuata njia, cha msituni kwanza, cha nyikani, cha milimani, ndipo kinaingia garini. Ukipungukiwa, unajua ungali mjini.

Siku hiyo nilimpa shemeji funguo alisogeze gari kwenye turubai. Akashusha begi lake, akapanga vizuri kabisa, hadi soksi za sufu na koti zito la milimani. Begi la Kitinda lilikuwa jepesi, nililiinua kwa vidole viwili. Nikalifungua. Nguo za msituni zilikuwepo, viatu vya matope vilikuwepo, kitenge kilikuwepo, basi. Nyikani hakuwa na kitu, milimani hakuwa na kitu. Mtu alikuwa amempangia mdogo wangu safari ya wiki mbili.

Damu ikanichemka. Nikaona kila kitu, au nilidhani nimeona. Mume ana koti, mke hana, kwa sababu mume anajua mke hatafika kwenye baridi. Mtu mwenye akili angenyamaza, akatafakari, akamwita fundi pembeni. Mimi nilinyanyua begi lile juu, mbele ya wote.

"Shemeji! Koti la mke wako la wiki ya nne liko wapi? Nguo za baada ya kuvuka mto ziko wapi? Au yeye haendi huko?"

Nilitegemea ashtuke. Kweli alishtuka, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. Alilitazama begi, kisha akageuka polepole akamtazama mkewe.

"Hata mimi nashangaa," akasema. "Amefungasha mwenyewe."

Kitinda alikuwa amesimama na galoni la maji mkononi. Midomo yake imekauka. Hakunitazama mimi.

"Nilisahau," akasema.

"Umesahau." Shemeji akalichukua galoni kutoka mkononi mwake, taratibu, akaliweka chini. "Kwenye kile kivuko, shemeji, ulisema abiria anashuka peke yake?"

"Ndiyo."

"Na njia isiyo na kivuko ipo?"

Nami nikamjibu! Mdomo huu hauna breki. Nikamwonyesha hata kwa kidole, pale pale kwenye ramani, kupitia dirisha la ofisi lililokuwa wazi: barabara ya zamani ya kupitia machimbo, mbovu, siku hizi haipiti mtu, inazunguka mto mzima. Nilidhani anauliza kwa sababu nimembana.

"Asante," akasema. "Umetusaidia sana. Hebu twende tukamnunulie koti, tunarudi sasa hivi kumalizia kupakia."

Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimemwaibisha. Nikamwelekeza hadi duka lenye makoti mazuri. Akamfungulia mkewe mlango wa gari, akamfunga mkanda yeye mwenyewe, akauvuta kuona kama umekaza. Kitinda alinitazama kupitia kioo. Nilimpungia mkono.

Duka liko kushoto. Gari lilitoka getini likakata kulia.

Tulingoja. Fundi akasema labda wamepitia mafuta, nikamkumbusha tenki tulijaza wenyewe. Simu ya shemeji ilikuwa imezimwa, ya Kitinda vilevile. Nikaenda polisi, wakaniuliza mume na mke wakienda matembezi kosa liko wapi. Niliporudi uani ndipo nilipoona kitu kilichonikata maini. Begi la shemeji halikuwepo, alikuwa ameshalirudisha garini bila mimi kumwona. La Kitinda lilikuwa bado kwenye turubai, liko wazi kama nilivyoliacha.

Simu ya ofisini ikalia. Nikairukia.

"Shikamoo dada," sauti ya kike, siijui. "Mimi nilisoma na mdogo wako. Naishi huku mtoni, karibu na kivuko. Samahani, alinikataza kabisa kukupigia kabla sijampokea, lakini nina wasiwasi. Siku ni ileile? Chumba nimeshamwandalia, na nguo nimemtafutia, nilimwambia asibebe mzigo utakaomchelewesha kushuka kwenye boti. Hapo ndipo pekee ambapo mwanamume yule hatakuwa pembeni yake."

Niligeuka nikaitazama ramani ukutani.

"Dada? Upo? Usimkasirikie kwa kukuficha. Alilia wakati anasema. Alisema dada yangu nampenda kuliko watu wote, ila ni redio."

Nikaweka simu chini. Fundi alikuwa mlangoni, ameshika funguo za gari langu jingine, ananitazama aambiwe tunaelekea wapi. Nikamwambia barabara ya zamani, ya machimbo, isiyo na watu. Akaniuliza nimejuaje.

"Nimemwonyesha mimi," nikamwambia. "Washa gari."